Makutano ndiyo Mlango wa Musoma

Yapo maneno ambayo sisi makarani tumezoea kuyaandika bila kuyafikiri, na mojawapo ni haya: "Fika Musoma." Huandikwa katika barua za kuwaita watu shaurini, katika barua za uhamisho, katika majibu ya mirathi na ya malipo ya uzeeni. Mwandishi wa barua ameketi Musoma, ziwa analiona dirishani pake, naye hudhani ya kuwa kila gari lipitalo katika mkoa huu litamleta mtu mpaka mjini. Twaomba nafasi katika gazeti letu ili tuonyeshe ya kuwa sivyo, na ya kuwa kutojua kwetu huko kwawagharimu watu fedha yao na usingizi wao.

Tuanze na njia yenyewe. Barabara kuu ambayo katika hesabu ya Serikali huitwa T4 yatoka Mutukula, mpakani mwa Uganda, yazunguka ziwa kwa upande wa Bukoba hata Mwanza, yaifuata Ghuba ya Speke kwa Magu na Lamadi, kisha yaingia Mara. Hapo yapita Bunda, yapita Kiabakari palipokuwa na mgodi wa dhahabu, hata yafika Makutano. Msafiri mgeni hutazamia ya kuwa sasa itageuka kushoto iende mjini, kwa kuwa hayo ndiyo makao makuu ya mkoa tangu mkoa huu ulipoundwa mwaka 1963. Haigeuki. Yaendelea kaskazini, yavuka mto Mara katika daraja la Kirumi, yapanda Tarime, na kuishia Sirari mpakani mwa Kenya. Musoma umebaki upande wa magharibi, mwisho wa tawi la barabara lililo karibu kilomita 20, na nyuma yake hakuna kitu ila maji.

Hapana wa kulaumiwa kwa jambo hilo. Wadachi walipoweka boma Musoma hawakuwa wakiitazama barabara, walikuwa wakilitazama ziwa, na kwa siku zile walifikiri vema. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na reli yetu ilipofika Mwanza mwaka 1928, Musoma ilikuwa kati ya vichwa viwili vya reli, na meli zikawa zikienda na kurudi. Pamba ilitoka kwa njia ya maji, barua zilikuja kwa njia ya maji, na hata karani aliyehamishwa alishuka gatini na sanduku lake kichwani mwa mchukuzi. Mji ulikuwa umeuelekezea uso wake pale ambapo wageni walitokea.

Kisha mambo yakageuka. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, meli zikagawanywa, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa Februari ya mwaka huo, usifunguliwe hata Novemba 1983. Kwa muda wa miaka sita na zaidi barabara ya Sirari ilikuwa kama ua lisilo na lango. Lakini mpaka ulipofunguliwa, biashara haikurudi melini. Ilipanda magari. Tangu hapo mji wa Musoma umekuwa kama nyumba ambayo wageni wake huingia kwa mlango wa uani, na mwenye nyumba bado amekaa barazani mbele akiwangoja.

Twapenda kuifananisha na Bunda, maana tumekaa kote kuwili. Bunda haukukusudiwa kuwa mji mkubwa. Ulikua kwa sababu barabara yapita katikati yake, na kwa sababu hapo hapo njia nyingine yaelekea magharibi kwa Kibara hata Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe, na nyingine yaelekea Nyamuswa na nchi ya Waikizu. Mtu ashukapo garini Bunda amekwisha fika Bunda. Soko liko hapo, na maofisi atayafikia kwa miguu akiwa na nguvu. Hata mlango wa magharibi wa hifadhi ya Serengeti, uitwao Ndabaka, u kando ya barabara hiyo hiyo kusini ya mji, na wageni wa mbali hawana haja ya kuulizwa kama wameshuka mahali pake. Hatusemi ya kuwa Bunda hauna taabu. Magari ya mizigo hupita mbele ya watoto wa shule, na siku ya soko mtu hutafuta pa kutia mguu. Lakini taabu hizo ni za mahali ambapo watu wamekusudia kufika.

Makutano ni habari nyingine. Jina lenyewe ni tendo la barabara, si jina la ukoo wala la mlima. Majina kama hayo yamejaa katika nchi zetu: iko Makutano ya Kapenguria huko Kenya, iko Njia Panda ya Himo huko Kilimanjaro. Na miji iliyozaliwa na njia panda twaifahamu sote: Chalinze, inapoachana njia ya Morogoro na ya Segera, Makambako, inapochepuka ya Njombe na Songea. Hiyo imekwisha pata stendi, nyumba za wageni na taa. Makutano yetu bado yaitwa kituo cha kushukia tu, nayo yafanya kazi ya mlango wa mkoa mzima.

Mabasi ya Mwanza kwenda Tarime na Sirari, mengi yao hayana haja ya kuingia Musoma. Kuingia na kutoka ni karibu kilomita 40 za bure kwa dereva, na abiria wa Musoma ni wachache garini. Kwa hiyo kondakta hupaza sauti, "Makutano, wa Musoma!" na mtu hushushwa na mzigo wake. Mchana si neno. Ziko motokaa ndogo na bodaboda, na kwa fedha kidogo atafika stendi ya Bweri. Usiku ndipo hesabu inapobadilika. Bei hupanda, motokaa hungoja zijae, na asiyekuwa na fedha ya ziada hutafuta ukuta wa duka wa kuegemea.

Tulimkuta mama mmoja mjane hapo, yapata saa tatu ya usiku, sisi tukitoka Bunda kwa kazi. Mume wake alikuwa mwalimu upande wa Tarime, naye amefariki. Mama huyo alikuwa amekuja kwa ajili ya mirathi. Mvua ilikuwa imeanza, na barua yake alikuwa ameifunga katika mfuko wa nailoni ndani ya kitenge. Tulimwamkia, tukamwuliza anakwenda wapi. Akatujibu, "Wanangu, barua imeandikwa Musoma, na basi limeandikwa Mwanza. Mimi nimeshushwa katikati." Tukaiomba barua tuisome. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kwa mashine, na tarehe yake, na kumbukumbu yake, na neno "bila kukosa". Saa ya kufika ilikuwa saa mbili asubuhi. Mahali pa kushukia hapakutajwa, wala njia, wala nauli, wala ya kuwa basi la Mwanza halifiki mjini. Ofisi iliyoiandika hatutaitaja. Ingeweza kuwa yoyote, na kwa kweli tuliona haya, kwa kuwa barua za namna hiyo tumeziandika sisi wenyewe, nyingi.

Mamantilie wa hapo alimpa mahali pa kulala nyuma ya jiko lake, wala hakutaka malipo. Hatukupata kujua kama mama yule alifika kwa saa yake.

Tangu siku ile tumekuwa tukiulizana na wenzetu: je, mtu aitwaye na Serikali aanza kuwa mgeni wa Serikali wapi? Penye meza ya karani, au pale aliposhuka garini? Mahakama Kuu iko Musoma. Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere iko Kwangwa, Musoma. Wagonjwa wa Tarime, wa Bunda na wa Serengeti wote hupitia Makutano, na mgonjwa hachagui saa ya kuugua. Twaona ya kuwa mlango wa mahali hapo ni sehemu ya hospitali na sehemu ya mahakama, hata kama hauna bendera.

Wako wanachama wenzetu ambao wameisikia habari hii wakaenda mbali zaidi, wakasema maofisi ya mkoa na yahamishwe yawekwe Makutano. Hatukubaliani nao. Mji hauhamishwi kama faili. Musoma una gati, una uwanja wa ndege, una maji ya ziwa, una shule na nyumba za watu waliojenga kwa jasho la miaka mingi. Na tukijenga maofisi Makutano, baada ya miaka 30 barabara nyingine itapita mahali pengine, nasi tutafunga mizigo tena. Wengine wamesema mabasi yalazimishwe kuingia mjini. Hilo nalo tumelifikiri. Kwa abiria wa Tarime kilomita 40 za bure ni adhabu kwa kosa lisilokuwa lake, na dereva aliyecheleweshwa ataitafuta saa yake iliyopotea kwa kukaza mwendo mbele ya safari. Barabara hii haina nafasi ya mchezo huo. Wasomaji wetu wa Mara hawajasahau mwezi wa Septemba 2014, mabasi mawili yalipogongana mahali paitwapo Sabasaba, katika wilaya ya Butiama, moja likielekea Mwanza na jingine likitoka huko. Watu zaidi ya 30 walikufa. Wengine wetu tulizika ndugu.

Wala magari hayatapungua. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo na Busisi, kilomita 3 juu ya maji ya ziwa, na kivuko ambacho kilikuwa kikiyazuia magari saa nzima au zaidi hakipo tena katika njia hiyo. Jambo hilo twalifurahia kabisa. Lakini gari la mizigo ambalo zamani lililala Busisi likingoja zamu, sasa litapita Makutano usiku huo huo likielekea Sirari. Anayefikiri ya kuwa daraja ni habari ya Mwanza na Geita peke yake na aje akae njia panda yetu jioni moja ahesabu.

Hapo twafika kwenye neno gumu, nalo ni habari ya watu waliojenga kando ya barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza eneo la hifadhi kutoka mita 22.5 kila upande hata kuwa mita 30. Aliyekuwa amejenga mita 25 kutoka katikati ya barabara alilala usiku akiwa raia mwema, akaamka akiwa ndani ya hifadhi. Ndiyo sababu ya alama zile za X ambazo kila msafiri huziona kutani katika nchi nzima: nyekundu kwa aliyeingia katika mita za zamani, ambaye hana haki ya kulipwa, na ya kijani kwa aliyefikiwa na nyongeza, ambaye anastahili fidia. Sheria ni njema, nasi hatuwezi kuwa watumishi wa Serikali na kuisema vibaya. Barabara isipokuwa na nafasi, watu hufa. Lakini alama ni rangi tu. Mwenye X ya kijani hujua ya kuwa atalipwa, asijue lini. Hathubutu kutia bati jipya, hathubutu kumpangisha mtu, na benki haitaki kumwona.

Tena iko tofauti ambayo sheria haikuitazama. Yule mamantilie aliyemlaza mjane hana nyumba hapo. Ana kibanda cha miti na turubai, ndani ya mita za zamani kabisa, na siku ya kubomolewa hatapata senti. Kwa haki ya karatasi ni hivyo. Lakini tukimwondoa yeye pasipo kuweka kitu mahali pake, tumeondoa pia uji wa msafiri, taa yake, na mtu wa kumwuliza njia, maana kazi hiyo yote ameifanya yeye bila mshahara kwa miaka ambayo sisi tulikuwa tukiandika "bila kukosa". Kwa hiyo shauri letu ni hili: kabla njia panda haijapanuliwa, lipimwe nje ya mita 30 eneo la kituo, liwe na vibanda vya kupangisha kwa kodi ndogo, na wa kwanza kupewa wawe wale ambao wako hapo sasa. Orodha yao ifanywe mapema, kwa majina, na mtendaji wa kata, si siku ya tingatinga. Tumeona mahali pengine orodha iliyofanywa jioni ya mwisho, ikajaa majina ya watu ambao hawajawahi kuuza hata ndizi.

Sasa tugeuke mashariki. Kutoka Makutano yaenda njia ya Butiama. Kila mmoja wetu aliisoma shuleni, ingawa hakuambiwa ya kuwa ni habari ya barabara: mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na masimulizi yasema ya kuwa safari hiyo ilikuwa maili 26 kwa miguu. Mtoto huyo ndiye Mwalimu Nyerere. Oktoba 1999 alirudishwa Butiama kuzikwa, na maelfu wakaifuata njia hiyo. Mwaka 2012 Butiama ikawa wilaya, na watu wake wakapata maofisi karibu. Jambo hilo lapasa kutajwa, kwa kuwa mara nyingi twalalamika tukisahau kushukuru: mzee wa Butiama aliyekuwa akienda Musoma kwa kila karatasi, sasa nyingi huzipata kwao.

Lakini mbele ya Butiama njia iliyaendea polepole mambo yake. Kipande cha Makutano hata Sanzate, kilomita 50, walipewa wakandarasi wazalendo mwaka 2013, na tulishangilia kwa kuwa ni wetu. Kilichukua miaka mingi. Hatupendi kuwacheka, maana mkandarasi asiyelipwa kwa wakati hana uchawi wa kununua lami. Lakini mwenye kungoja Natta na Mugumu alihesabu masika baada ya masika. Mugumu ni makao ya wilaya ya Serengeti, nayo imo katika mkoa wetu. Karani aliyehamishiwa huko ajua maana ya kufika na mafaili yaliyoiva vumbi jekundu.

Na kwa kuwa jambo la njia hiyo limechanganywa na jingine, yafaa tuyatenge. Mpango wa mwaka 2010 ulikuwa kuipitisha barabara kutoka Mugumu kukatisha kaskazini ya hifadhi ya Serengeti, kilomita zipatazo 50, hata Loliondo na chini hata Mto wa Mbu. Watu wa mbali na wa karibu wakapinga, kwa sababu ya nyumbu zaidi ya milioni ambao kila mwaka huvuka huko wakielekea mto Mara. Shauri likapelekwa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki kule Arusha, nayo Juni 2014 ikazuia kujengwa barabara ya lami kukatisha hifadhi. Sisi twaona hukumu hiyo ilikuwa ya haki. Nyumbu hawasomi vibao, na mali ile si yetu peke yetu; ni ya wajukuu. Lakini wako waliotoka katika habari hiyo wakidhani ya kuwa njia nzima imekatazwa, hata upande wetu. Haikukatazwa. Mugumu iko nje ya hifadhi, na Natta iko nje ya hifadhi, na mgonjwa wa Mugumu hana ugomvi wowote na nyumbu. Lami na ifike Mugumu, ikome hapo, na mwenye kwenda Arusha atafutiwe njia ya kusini.

Yako mambo ambayo hayangoji bajeti. Tumelizungumza katika kikao cha tawi letu, tukakubaliana ya kuwa kila mmoja, katika ofisi yake, atatia mstari mmoja katika barua ya kumwita mtu kutoka nje ya mji: "Ukija kwa basi la Mwanza au la Sirari, shuka Makutano, kutoka hapo hata Bweri kuna gari dogo, jitahidi ufike kabla ya magharibi." Ni maneno machache, wala hayahitaji ruhusa ya Katibu Mkuu. Tena mtu wa Tarime asipewe saa mbili asubuhi. Apewe saa tano, aweze kutoka kwake alfajiri. Mmoja wetu alileta hoja ya kuwa mkubwa wake hatakubali kubadili mfano wa barua. Tukamjibu ya kuwa mkubwa hutia sahihi, na mwenye kuandika ni karani.

Jambo la pili lataka fedha kidogo: banda la abiria Makutano, lenye paa, taa ya jua, choo kinachofungwa na kufunguliwa na mtu anayelipwa, na ubao wa kuonyesha Musoma, Butiama, Bunda na Sirari kwa kilomita zake. Ubao uliopo humwelekeza dereva. Mwenye miguu na mzigo hajaandikiwa chochote.

Tumeandika barua kwa wahusika, na nakala iko katika faili la tawi kwa mwanachama apendaye kuisoma. Wenzetu wa Bunda wameahidi kukaa stendi yao siku mbili za juma kuhesabu wangapi kati ya wanaopanda magari ya Sirari huitaja Musoma, na wa Tarime watafanya hivyo upande wao. Hesabu hizo zikitufikia kabla ya mwisho wa mwezi tutazipiga chapa katika toleo lijalo. Wa Mugumu hatujawapata kwa simu. Atakayepita huko na awafikishie karatasi hii.